Kitabu cha viwanja kifunguliwe, Bwana Mhariri

Bwana Mhariri,

Wiki tatu zilizopita mlichapa barua ya msomaji wa Bagira aliyedai kwamba Marekani hakuna ugomvi wa viwanja kwa sababu watu wa kule wanaogopa sheria, na kwamba sisi wa Bukavu, hapa Kongo, tutaendelea kuuana kwa ajili ya mita mbili za udongo hadi kiyama, kwa kuwa ndivyo tulivyozaliwa. Barua ile niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilivua miwani nikanyamaza, mpaka mke wangu akaniuliza kama kuna msiba.

Mimi ni jeometa mstaafu, yaani mpimaji wa ardhi. Miaka 31 nimevuta mita juu ya vilima vya Kadutu, Bagira na Kabare, na magoti yangu yanakumbuka kila mteremko. Mwaka 2023 binti yangu, anayehudumia wazee katika mji mdogo uitwao Winterset, jimbo la Iowa, alinitumia tiketi nikaenda kuwaona yeye na wajukuu. Nilikaa wiki saba, tangu katikati ya mwezi wa tisa. Wenzangu wakifika kwa watoto wao ng'ambo huomba wapelekwe madukani. Mimi nilimwomba mkwe wangu anizungushe nione mipaka. Alidhani safari imeniharibu kichwa.

Winterset ndiyo makao makuu ya kaunti ya Madison. Kaunti ni kama teritware (wilaya) kwetu, ila ndogo: kilomita za mraba zinakaribia 1,450, na hesabu ya watu ya 2020 iliwakuta 16,548. Sidhani kama watu wa Nyamugo peke yao wangekubali kuwa wachache hivyo. Iowa ina kaunti 99 lakini nyumba za kaunti 100, maana kaunti moja, Lee, ina makao makuu mawili na hakuna upande uliokubali kuachia mwenzake. Jina la Madison ni la rais wao wa nne, aliyekufa 1836, miaka kumi kabla kaunti haijaundwa, kwa hiyo mwenye jina hakuwahi kujua kwamba anayo. Kuhusu Winterset wenyewe husimulia kwamba wazee walikutana mwaka 1849 kuchagua jina, mmoja akaleta jina lenye kiangazi ndani yake, mwingine aliyekuwa akitetemeka akasema kwa baridi hii afadhali tuite la baridi. Nawaamini. Mwezi wa kumi haujafika nusu, nilikuwa navaa makoti mawili.

Katikati ya mji kuna uwanja wa mraba, maduka pande zote nne, na katikati ya uwanja jumba la mawe ya chokaa yaliyochongwa huko huko. Umbo lake ni msalaba wenye mikono minne iliyo sawa, na kuba juu. Nilidhani ni kanisa. Nilivua kofia mlangoni, na nilikuwa karibu kutafuta maji ya baraka, binti yangu akanishika mkono: "Papa, vaa kofia yako. Hapa tumekuja kulipia gari."

Jumba lililotangulia liliungua mwaka 1875. Hili lililosimama leo ni mchoro wa Mfaransa, Alfred Piquenard, aliyechora pia jumba la bunge la jimbo pale Des Moines. Barabara inayopita hapo inaitwa John Wayne, yule kauboi wa sinema tulizokuwa tukizitazama utotoni tukipigana kwa vidole. Alizaliwa mji ule mwaka 1907, na wanamwonyesha kama sisi tunavyoonyesha ziwa. Mimi nilipenda zaidi bustani ndogo yenye jina la George Washington Carver. Mtu mweusi, aliyezaliwa utumwani, alikuwa mpishi wa hoteli Winterset kabla ya kupokelewa chuo cha Simpson mwaka 1890, na baadaye akawa bingwa wa mimea anayejulikana dunia nzima. Unapokuwa mweusi peke yako mtaani, jambo kama hilo unalitembelea mara mbili kwa wiki.

Sasa nije kwenye jumba lenyewe. Wao wanaliita nyumba ya mahakama, na kweli chumba cha juji (hakimu) kimo, na mtu yeyote anaweza kuingia akakaa nyuma akasikiliza kesi isiyomhusu. Lakini aliyefika siku hiyo kwa ajili ya juji sikumwona. Watu walifuata karatasi. Kuna mhazini wa kaunti, anayepokea kodi ya ardhi na ya magari. Kuna mwandikishaji, ambaye anatunza hati za ardhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kifo, na papo hapo anatoa ruhusa ya kuwinda, yaani mtu anaweza kuandikisha mtoto na kuomba kibali cha kupiga bata kwenye kaunta moja. Kuna afisa anayesimamia uchaguzi na hesabu. Hao wote wanapigiwa kura na wananchi, kila miaka minne. Fikiri kidogo, Bwana Mhariri: konsevateri wa viwanja, yule mtunza kitabu cha hati, anayechaguliwa na wenye viwanja!

Ilikuwa siku za mwisho za mwezi wa tisa, na nusu ya kwanza ya kodi ya ardhi inalipwa kabla mwezi huo haujakwisha. Nusu ya pili ni mwezi wa tatu. Wakulima walikuwa kwenye mstari, kofia kichwani, udongo kwenye viatu. Binti yangu alipokwisha kulipia kibandiko cha gari lake nilimwomba aniulizie neno moja: lile shamba lenye ghala jekundu, kwenye njia ya kwenda daraja la Roseman, ni la nani?

Alikataa. Alisema, "Papa, watatuuliza tunalitakia nini." Nikamwambia uliza tu, mimi ni mzee, wataona ni uzee. Akauliza. Yule mama wa kaunta akataka kujua liko upande gani hasa, akatafuta, akatugeuzia tuone: jina la mwenye shamba, jina la aliyemuuzia, mwaka, thamani, kodi anayolipa. Mimi nikangoja. Nilikuwa nangoja "kwa nini?" Bwana Mhariri, miaka 31 neno hilo nimelisema mimi, nikiwa upande wa pili wa kaunta, kwa watu waliovaa nguo safi ya Jumapili ili tu waje kuniuliza swali. Kwa nini unataka kujua? Wewe ni nani wake? Nani amekutuma? Yule mama hakulisema. Alituuliza kama tunataka nakala, maana karatasi ina bei yake.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Binti yangu akadhani ni sukari yangu imeshuka.

Wasomaji wanipe nafasi kidogo ya kazi yangu, halafu nitarudi kwa ndugu wa Bagira. Mwaka 1785 wale watu waliamua kwamba ardhi ikatwe miraba kwanza, iuzwe baadaye. Mraba mkubwa ni maili sita kwa sita. Ndani yake vipande 36, kila kimoja maili moja kwa maili moja, eka 640, kwetu kama hekta 259. Robo ya kipande, hekta 65 hivi, ndilo lililokuwa shamba la familia. Walipima kwa mnyororo wa futi 66, na minyororo 80 inatimiza maili. Waliovuta mnyororo huo kwenye majani marefu na mbu nawavulia kofia, na safari hii kwa haki. Mstari mkuu ambao Iowa nzima inahesabiwa kutoka kwake, unaoitwa wa tano, ulianzishwa mwaka 1815, mbali sana kusini, Arkansas. Ndiyo sababu hati ya shamba inasema tu: robo ya kaskazini-mashariki ya kipande fulani, mraba fulani, magharibi ya mstari wa tano. Haisemi "kutoka mti wa avoka mpaka kwa Mama Furaha." Mti wa avoka unakatwa (nasema tunda, si mwanasheria), na Mama Furaha anahama.

Barabara zao za kokoto zinafuata mistari hiyo, zimenyooka kama uzi wa fundi mwashi, zinapanda kilima na kushuka bila kukiomba ruhusa. Halafu ghafla barabara inakata kona mahali pasipo na mto wala mwamba. Mkwe wangu alikuwa anaamini aliyeichora alikuwa amelewa. Nikamfafanulia kwamba dunia ni mviringo, mistari ya kwenda kaskazini inakaribiana, na mpimaji asiporekebisha kila baada ya umbali fulani, miraba yake itakuwa midogo kuliko alivyoandika. Alisimamisha gari akashuka kuitazama ile kona. Siku hiyo nilijisikia kijana.

Sasa, ndugu yangu wa Bagira. Unasema wao ni wema. Twende polepole.

Ardhi ile ilikuwa ya Wasauk na Wameskwaki. Kwa mkataba wa 1842 waliachishwa, wakapewa mpaka Oktoba 1845 wawe wameondoka, na wageni wakaanza kununua kwa Leta (serikali), bei ya chini dola 1.25 kwa eka. Wameskwaki wengine walirudi. Mwaka 1857 walichanga dola 1,000 wakanunua eka 80 katika kaunti ya Tama, kaskazini-mashariki ya Winterset. Piga hesabu: dola 12.50 kwa eka, mara kumi ya ile bei ya chini, kwa udongo waliokuwa wanaukanyaga babu zao. Mpaka leo wapo pale. Nilipoelezwa habari hiyo nilikumbuka wazee wetu wa Kabare waliopisha mashamba ya chai na ya kwinini. Kwa hiyo tusiambiane kwamba mraba ule ulinyooka kwa sababu mioyo ilikuwa imenyooka.

Na hata wao kwa wao. Kaunti ya Madison inajulikana kwa madaraja yake ya mbao yenye mapaa. Yalikuwa 19, yamebaki sita. Usifikiri waliyafunika kwa urembo: mbao nene za sakafu ya daraja zilikuwa ghali, mbao za kuta na za paa rahisi, basi wakaezeka ili mvua iozeshe kile cha bei nafuu. Moja ya hayo, Cedar, lilichomwa na watu mwaka 2002. Likajengwa. Mwaka 2017 likachomwa tena, vijana, bila sababu mtu mzima anayoweza kuielewa. Likajengwa tena, 2019. Hao ndio watu wema wako, na bado wana wahuni wao kama sisi.

Ugomvi wa mipaka pia wanao, tena wana sheria yake. Majirani wakishindana juu ya ua, wanaitwa wazee wa kata waliochaguliwa, wanakuja shambani kwa miguu yao, wanatazama, wanasikiliza, wanakata shauri, na asiyeridhika ndipo anapanda kwa juji. Desturi yao ni hii: simameni kwenye mpaka, katikati yake, mtazamane, kila mmoja ajenge nusu iliyo mkono wake wa kuume. Mkwe wangu aliponitafsiria hilo nilimwambia arudie. Mbona hao ni bashamuka, wazee wetu wa kijiji? Mbona hilo ni baraza la kwetu?

Baba yangu alipata shamba lake kwa kalinzi, yaani malipo ya ardhi ya kimila. Alitoa ng'ombe, mashahidi wakiwapo, mpaka ukatembelewa, mimea ya mpaka ikapandwa, kasiksi (pombe ya ndizi) ikanywewa. Hapakuwa na karatasi hata moja. Lakini kitabu kilikuwapo, na kilikuwa wazi kuliko hata kile cha Winterset: kilikuwa kichwani mwa kila aliyekunywa siku ile. Jirani aliposogeza mpaka, miaka mingi baadaye, wazee wanne walitosha. Walipita na fimbo: hapa, hapa, na hapa. Yule jirani aliona aibu akatoa mbuzi. Hakuna aliyewauliza "kwa nini mnataka kujua?"

Halafu tukaja sisi wa karatasi. Sisemi karatasi ni mbaya, imenilisha. Nasema tulichukua kitabu kilichokuwa wazi tukakifungia kwenye kabati, na ufunguo tukampa mtu mmoja mwenye mshahara mdogo. Sheria ya 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Leta. Kwa mashamba ya kimila, kifungu cha 389 kiliahidi amri ya rais itakayoyapangia utaratibu. Mwaka niliosafiri ahadi hiyo ilitimiza miaka 50, na amri ilikuwa bado. Lakini kifungu ninachotaka wasomaji wakishike ni kile kinachosema cheti cha kuandikisha kikishapita miaka miwili, haki iliyomo haishambuliwi tena. Katika nchi ambayo kitabu kinasomwa na kila mtu, miaka miwili ni mingi: mwizi angeonekana wiki ya kwanza. Kwetu mtu anapata karatasi kimya kimya, anailaza chini ya godoro miaka miwili na siku moja, kisha anakuja nayo na polisi na nyundo.

Dada yangu ni mjane. Ana parseli (kiwanja) ya mita 15 kwa 20 juu kwenye mteremko, mahali ambapo mvua ikinyesha unalala jicho moja. Mwaka 2018 alikuja mtu na karatasi yenye kashe (muhuri), namba ile ile ya dada yangu. Parseli moja, karatasi mbili. Dada alikwenda kwenye ofisi moja, sitaitaja, kuomba kuona ukurasa tu. Hakuomba kesi, hakuomba huruma. Alijibiwa kuwa kitabu si gazeti. Mara ya pili aliambiwa mwenye ufunguo yuko semina. Mara ya tatu, alete ya sukari, yaani hongo. Alikwenda mara tisa, na mara ya tisa nilikwenda naye mimi, jeometa mzima, nikakaa kwenye benchi na watu wale wale ambao zamani niliwakalisha. Ukurasa ule dada hajauona mpaka leo. Avoka wa yule mwingine aliuona siku ya kwanza. Alitusomea tarehe kwa kichwa.

Ninachoomba si kikubwa na hakihitaji mfadhili. Kila ombi la cheti libandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya komini (serikali ya mtaa), lenye jina na namba na mchoro, kabla cheti hakijatoka, majirani wapite walione wakienda sokoni. Na kitabu chenyewe kiwe na siku zake za kusomwa, mbele ya mwenye kukitunza, kwa bei ya nakala iliyoandikwa ukutani. Najua jibu, nimelisikia kwenye kikao kimoja: ni hatari, wezi watajua nani ana mali. Hivi nani Bukavu hajui ghorofa zile za Muhumba ni za nani? Wezi wanajua. Majenerali wanajua. Makondakta wa basi wanajua na ukiwauliza wanakushusha hapo hapo. Asiyejua ni dada yangu.

Kabla sijaondoka Winterset nilinunua kitabu cha ramani ya kaunti. Kinauzwa kwa yeyote, na ndani yake kila shamba limechorwa na jina la mwenyewe limeandikwa katikati ya shamba lake, kata kwa kata. Bei iliniuma, lakini binti yangu alisema nichukue, ndiyo zawadi ninayoitaka kweli. Kimefika salama, pembe moja imekunjika ndani ya sanduku. Siku za Jumapili baada ya misa wazee wenzangu wanakuja, tunakifungua juu ya meza. Mmoja, mwalimu wa zamani, alikaa kimya kabisa na ukurasa mmoja, kisha akauliza kama watu hawa hawaogopani. Dada yangu yeye hakuuliza kitu. Alipitisha kidole toka mraba hadi mraba akitafuta majina ya wanawake, na kila alipopata moja alilisoma kwa sauti, vibaya, kwa Kifaransa.

Ndugu wa Bagira, kitabu kipo kwangu, mlango hauna zamu. Njoo ukisome. Usilete ya sukari.

Jeometa mstaafu,
Kadutu, Bukavu